Diski Iliyokataa Kusema Imeshindwa

Mtoto wa kaka yangu alinishtaki mbele ya kamati ya msikiti kwamba mimi huchomoa diski kwenye mashine ya msikiti. Alisema hivyo baada ya sala ya alasiri, wazee wakiwa na vikombe vya chai mikononi, na hakushusha sauti.

"Shangazi njo anashika ufunguo. Hakuna mutu mwingine anaingia mule. Diski imetoka mu mashine, mi nimeipima ku butiki yangu, iko muzima kabisa. Sasa muniambie, diski nzima inatokaka yenyewe?"

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenzangu ambaye tulisoma naye alifu mkeka mmoja, alinigeukia.

"Mama Mwalimu, unasema nini?"

"Nasema Mungu ananiona."

"Mungu anaona wote," akasema mtoto wa kaka. "Hapa tunauliza mikono."

Hakuna aliyemkemea. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha, nikamshukuru Mungu kwamba ilikuwa bado ya moto, kwa sababu ilinipa kazi ya kufanya mdomoni.

Inafaa nieleze diski hizo zilikuwa na nini. Kaka yangu alisomesha tafsiri hapa Bukavu kila Ramadhani, alasiri, tangu akiwa na ndevu nyeusi hadi alipokuwa akiletwa kwa kushikwa mkono. Hakufasiri kwa Kiswahili cha pwani walikotoka babu zetu. Alifasiri kwa hiki chetu cha sokoni. Akitaka kueleza dhiki, alileta lori lililozama kwenye tope njia ya Shabunda, na dereva wake, na mkungu wa ndizi uliooza juu yake. Akitaka kueleza riziki, alileta mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, na jinsi anavyoongeza kiganja cha mwisho bila kuombwa. Watu walimrekodi kwa kaseti, kisha kwa simu. Kabla hajafa alitaka vyote vikusanywe mahali pamoja, na akausia viwe vya msikiti, visiwe vya nyumba yake.

Wasia huo ndio mwanawe wa kwanza, huyo aliyenishtaki, hajaumeza mpaka leo. Ana duka la vyombo vya umeme, na alitaka sauti ya baba yake ipite dukani kwake kwanza. Anaamini mimi ndiye niliyempa baba yake maneno yale. Sikumpa. Lakini niliyafurahia, na yeye aliniona nikifurahi.

Basi alitengeneza sanduku. Hilo nalisema kwa haki: alilitengeneza kwa mikono yake, akalileta bila kuombwa mara ya pili. Lilikuwa sanduku la chuma, dogo kuliko jiko la mkaa, lenye diski nne ndani. Lilikaa kwenye chumba cha wanawake, kwa sababu ndicho chenye nondo dirishani na betri ya sola, na umeme wa mji wetu kila mtu anaujua. Mimi husomesha wanawake mle. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa wangu.

Kaseti ziliota ukungu, simu zikabadilishwa. Kisichokuwemo kwenye sanduku lile hakikuwepo popote.

Ijumaa moja sanduku lilianza kulia kama kifaranga, na taa ya diski moja ikawa nyekundu. Nilimwita mtoto wa kaka kwa simu mwenyewe. Alikuja, akaichomoa, akaenda nayo dukani, akaiunga kwenye kompyuta yake ya mezani. Ikafunguka. Akaiandikia filamu, ikaandika, akazicheza, zikacheza. Hapo ndipo alipofikia hukumu yake. Sanduku lilisema diski hii haipo, duka lilisema ipo na ina afya. Kati ya sanduku na duka alikuwapo mtu mmoja mwenye ufunguo.

Kamati haikuniita mwongo. Ilisema tu kwamba ufunguo ukae kwa mtoto wa kaka "mpaka mambo yatulie." Niliufungua kutoka kwenye ncha ya kanga nikauweka juu ya meza. Wanawake wangu wakahamia barazani, na zile zilikuwa siku za mvua, maji yakirushwa na upepo mpaka kwenye kurasa. Mwanafunzi mmoja, mama wa watu wazima, alinisogelea akiwa na huruma usoni.

"Mwalimu, kwa nini uliitoa? Ungetuambia tu kama ile kelele inakusumbua."

Nilimwambia afungue msahafu tuendelee. Kuna siku kushukuru ni kazi nzito kuliko kubeba maji kutoka ziwani hadi juu Kadutu, na ile ilikuwa mojawapo. Nilishukuru hata hivyo. Sikushukuru kwa sauti nzuri.

Mtoto wa kaka alirudi na diski mpya kutoka dukani kwake ili sanduku lijijenge upya. Mwenyekiti alikuwapo. Mimi nilisimama kizingitini, maana ndani nilikuwa nimekatazwa.

"Umenakili kwanza?" nikamuuliza.

"Kunakili nini?"

"Sauti za baba yako. Sasa hivi zinasomeka. Zinakili mahali pengine kwanza, halafu fanya unavyotaka."

"Shangazi, wewe fundisha alifu be te. Hii mashine inajijenga yenyewe. Njo maana ya mashine ya diski nne."

"Na ikishindwa?"

"Itashindwa namna gani na wewe uko inje?"

Mwenyekiti alicheka. Alikohoa haraka kukificha kicheko hicho, lakini nilikuwa nimeshakisikia, na alijua nimekisikia.

Akaisukuma diski ndani, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni mwake akiugonga kwa kiganja ili nisikie. Kesho yake sanduku lilikuwa limekufa. Taa nyekundu ya pili ilikuwa imewaka, safari hii kwenye diski ya zamani ambayo hakuna mtu aliyeigusa, na kwenye kioo kidogo paliandikwa kwamba hakuna tena cha kufungua. Chumba kilikuwa kimefungwa usiku na mchana. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali yake.

Nilitamka alhamdulillahi. Nililitamka kwa sauti, na macho yangu yalikuwa juu ya mfuko wake. Kisha nikakumbuka ni nini kimekufa mle ndani, nikakaa chini pale pale kwenye simenti.

Mwenyekiti akamwita fundi. Ni mwanamke wa upande wa Lwiro, injinia wa chuo, anayetunza mashine za redio hapa mjini, mwenye ulimi ambao mji mzima unaukimbia. Aliingia bila kuuliza mtu hali, akachomoa diski zote, akazipanga juu ya meza yangu ya kusomeshea, akavaa miwani.

"Nani alinunua hizi?"

"Mimi," akasema mtoto wa kaka. "Mupya zote. Ndani ya kartoni."

"Sikukuuliza kama ni mupya. Ulisoma etiketi? Hizi ni za kompyuta ya meza. Za kukaa peke yake."

"Diski ni diski."

"Ah bon. Na kitanda ni kitanda. Uende basi ukalale ku hospitali."

Mtoto wa kaka aliniangalia mimi, kana kwamba nimemtuma.

Yule fundi alieleza akiwa amemgeukia mwenyekiti, kama mtu anayeshitaki. Sanduku la namna hii, alisema, hugawa kila rekodi vipande juu ya diski tatu, na kwenye ya nne huweka jumla yao. Ukipoteza kipande kimoja, unakipata kwa kutoa viwili vilivyobaki kwenye jumla. Kwa hiyo diski moja ikikwama, si msiba. Zile tatu zinaijazia. Lakini kuna diski za namna mbili, nazo hukwama kwa namna mbili. Diski iliyotengenezwa kuishi na wenzake, ikifika mahali pasiposomeka, hujaribu kwa sekunde chache tu, kisha husema: hapa nimeshindwa. Basi sanduku linachukua kwa wenzake, linapiga hesabu, hata linaiandikia upya pale palipoharibika. Kazi inaendelea, na msikilizaji hajui kama kuna kilichotokea.

"Na hii ya kompyuta ya meza?" akauliza mwenyekiti.

"Hii inajua iko yenyewe. Ikisema nimeshindwa, hakuna mutu mwingine wa kuuliza, kazi ya mwenyewe imepotea. Donc, basi, haisemake. Inajaribu, inajaribu, dakika nzima, mbili, imenyamaza. Ukiiita haiitike. Sanduku nalo linangoja kidogo tu. Linaona kimya, linasema: huyu amekufa, mutoe. Linaitoa. Unaenda nayo ku butiki, kompyuta ya butiki iko na subira, inaingoja, na pengine hata ile pahali mubaya haukuigusa. Unaona iko muzima. Kweli iko muzima! Ina kovu moja tu."

"Kwa hiyo hakuna aliyeichomoa," nikasema.

"Nani achomoe? Imejitoa kwa ujinga wa mwenye kuinunua."

Hapo mtoto wa kaka alipiga meza. "Miye sikukuja kutukanwa ndani ya musikiti wa baba yangu!"

"Basi toka, tutaendelea."

Hakutoka.

Mimi nilikuwa nimemwelewa kabla hajamaliza, na nilisema, kwa sababu ukimya wangu ulikuwa umeniponza vya kutosha. Nilisema hii ni habari ya imamu. Imamu anayejua ana safu nyuma yake akisahau aya husimama kidogo, na mmoja nyuma yake humfungulia, yaani humkumbusha, anaokota neno, sala inakwenda. Lakini yuko imamu ambaye kufunguliwa anakuona ni fedheha. Huyo akikwama hurudi mwanzo wa aya, anakwama palepale, anarudi tena. Nyuma yake vizee wanatetemeka magoti, na hamsikilizi anayemfungulia. Kaka yangu alikuwa akisema kwamba imamu wa namna hiyo anadhani ana subira, kumbe ana kiburi kilichovaa kanzu ya subira.

"Maman, miye ni mukatoliki, sijue mambo ya imamu," akasema fundi. "Lakini njo vile."

"Shangazi anageuza kila kitu darsa," akasema mtoto wa kaka. "Anamaanisha miye."

Nilimaanisha yeye.

Kisha fundi akauliza lile swali ambalo nilikuwa nikiliogopa. "Ile ya kwanza iko wapi? Hata hii ya pili ina kovu lake, limeonekana juzi sanduku lilipolazimika kusoma kila pembe ili lijijenge. Pale diski hii ya pili haitasoma, ile ya kwanza ingetujazia. Mulete."

Mtoto wa kaka alitazama dirishani.

"Niliifuta."

"Ulifanya nini?"

"Niliifuta yote, ile ya kuijaribu vizuri. Nikajaza filamu." Akaongeza, kana kwamba hilo litamwokoa: "Iliandika bila shida."

Fundi alivua miwani. Mimi nilimwangalia mtoto yule niliyembeba mgongoni akiwa na surua, nikamchukia kwa moyo wangu wote, huku vidole vikiendelea kuvuta tasbihi.

Ilibaki njia moja. Fundi aliichukua diski ya pili hadi karakana yake, aiepushe na sanduku lisilo na subira. Angeinakili nzima, kovu kwa kovu, kwenye diski nyingine, na nakala hiyo ndiyo ingerudi kukaa na wenzake. Nilimwambia naenda naye.

"Kufanya nini, maman?"

"Kukaa nayo."

"Huniaminie?"

"Simwamini mtu yeyote wiki hii."

Hilo lilimpendeza, nadhani. Alinionyesha kigoda.

Nilikaa pale mchana baada ya mchana, kati ya redio zilizofumuliwa matumbo, mvua ikipiga bati. Alinionyesha kwenye kompyuta mstari wa kijani ukienda. Hapa, alisema, ameiambia kompyuta ingoje hata kama diski itanyamaza saa nzima. Hakuna wa kuifukuza. Inasoma kwanza sehemu zote rahisi, haigombani na zile ngumu, inazipita. Baadaye inazirudia, mara kwa mbele, mara kwa nyuma, ikiokota punje kwa punje. Akainamisha sikio karibu na diski, kama tabibu, akasikiliza. Akanyanyuka ghafla.

"Ni nini hiyo inagongagonga?"

"Ni tasbihi yangu."

"Maman! Nilidhani diski inakufa! Weka hiyo shanga mu mufuko, niko nasikiliza."

Niliitia tasbihi kwenye mkoba nikahesabu kwa pingili za vidole. Ugomvi wetu wote ukawa wa namna hiyo, na ulinipumzisha kuliko huruma ya watu waliokuwa wakiniuliza kwa nini niliitoa.

Mwisho mstari wa kijani ulibaki na nukta chache nyekundu ambazo hazikukubali kwa mbele wala kwa nyuma. Fundi alizijaribu tena, akakunja mikono. "Hizi zimekwenda," akasema. Tulirudisha diski kwenye sanduku, nakala ikakaa mahali pa ile iliyokwama, na sanduku likafunguka kwa tatu bila ya nne. Nililia mbele yao wote nilipoiona orodha ya Ramadhani zile ikishuka kwenye kioo, mwaka baada ya mwaka. Hata mwenyekiti alifuta pua.

Zile nukta tulizikuta baadaye, tukisikiliza. Zote ziliangukia alasiri moja. Mvua inasikika juu ya bati, kaka yangu anaanza kutoa mfano wa mwanamke aliyekuwa na jirani mbaya, anasema, "Sasa yule mama akafanya," na sauti inakatika. Inaporudi, watu wanacheka, naye ameshahamia aya nyingine. Tuliuliza wote waliokuwa wakihudhuria. Hakuna anayekumbuka yule mama alifanya nini. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia siku hiyo, naijua mvua ile, na sikumbuki.

"Hapo," nilimwambia mtoto wa kaka, "ndipo ulipoweka filamu zako za ngumi."

"Na ungekuwa umeniita mapema..."

"Nilikuita siku ileile. Kwa simu."

"Uliniita kwa ile sauti yako!" akapaza. "Ile sauti ya kuniambia baba alifanya vizuri kuninyima. Toka nikiwa mutoto unaniita kwa ile sauti!"

Nilitaka kumjibu, jibu lilikuwa tayari na lilikuwa kali. Lakini fundi alikuwa ametushinda kwa kelele. Alikuwa akigonga sanduku kwa bisibisi.

"Mutagombana kesho. Munisikilize. Hii sanduku si nakala. Hii inasaidia tu kazi isisimame diski moja ikianguka. Mwizi akiibeba, moto ukiiunguza, mutu akiifuta, yote nne zinakwenda pamoja. Mutoe nakala, mupeleke mbali, leo."

Nikaiomba kamati nakala mbili: moja ikae kwangu, moja iende Uvira kwa ndugu zetu, ivuke bonde la Ruzizi, iwe mbali na mvua zetu na ugomvi wetu. Mtoto wa kaka alikataa. Sauti ni za baba yake, alisema, hazitatembea ovyo mikononi mwa watu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye alikubali kwa sharti moja. Mimi niseme mbele ya kamati kwamba ilikuwa hitilafu ya mashine, kwamba hakuna aliyemshtaki mtu, na kwamba habari hiyo isizungumzwe tena msikitini.

Mwenyekiti alinitazama kwa aibu. Alijua kinachoombwa. Wapo watu ambao hawakuwapo siku ya fundi, ambao mpaka leo wanajua kitu kimoja tu: kwamba Mama Mwalimu alinyang'anywa ufunguo. Kama isizungumzwe tena, hao hawataambiwa kamwe.

"Si lazima, Mama Mwalimu," akasema. "Tunaweza kungoja. Labda atalegea."

Niliwaza kungoja. Nilikuwa na haki, na mwenye haki huona utamu wa kungoja. Lakini sanduku lilikuwa chumba cha pili likiendeshwa na diski tatu, mbili kati yake za aina ileile iliyonyamaza, na nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji.

"Ilikuwa hitilafu ya mashine," nikasema. "Hakuna aliyemshtaki mtu."

Mtoto wa kaka alishusha pumzi. Alitia mkono kwenye mkoba wake, akatoa diski mbili ambazo tayari alikuwa amezinakilia sauti dukani kwake, zimefungwa kwa gazeti, akazisukuma juu ya meza. Kumbe alikuwa amekuja nazo tangu mwanzo.

"Ni za kompyuta ya meza," akasema, bila kuniangalia.

"Zitakuwa peke yake. Zinafaa."

Moja niliipeleka Uvira mwenyewe, kwa gari la abiria, nimeifunga ndani ya kanga mapajani. Tulipopumzika Luvungi wachuuzi waliniuzia nyanya kupitia dirishani, nikanunua kwa mkono mmoja. Binamu yangu aliipokea, akaiweka kabatini juu ya nguo za sala, akaniuliza habari za Bukavu, kwa sababu maneno ya ufunguo yalikuwa yameshafika kabla yangu.

"Nilisikia uliharibu mashine ya musikiti, dada."

Nilimwomba maji ya kunywa.